Karamu ya Kale, Wageni wa Leo: Mpishi Aulize Kabla ya Kuteleka

 

Somo la safari hii linahusu kazi ambayo vikundi vingi vya akina mama hapa Mombasa vimeanza kuipata, nayo ni kazi ya kupika karamu za kale. Shule au vijana wa mtaa wanaigiza mambo ya zamani, watu wanavaa kanzu, vilemba na leso, jahazi linachorwa ukutani, halafu kikundi kinaombwa kipike chakula kama kile walichokula wazee wa zamani. Ni kazi nzuri, na inaleta pesa katika mfuko wa kikundi. Lakini ina mtego wake. Chakula ni cha kale ila walaji ni wa leo, na kila mlaji amekuja na masharti yake. Kuna asiyekula nyama, kuna aliyefunga, kuna mwenye kisukari, na kuna ambaye karanga moja tu inaweza kumlaza hospitali.

Sisi wenyewe tulijikwaa. Basi tuanze na kosa letu, ndipo mtuamini tukisema mengine.

TULIVYOJIKWAA

Kikundi tunachokisaidia kina akina mama wa Mji wa Kale na wengine wa ng'ambo ya Likoni, Wakristo na Waislamu. Waliombwa kupika kwa ajili ya siku ya utamaduni. Vijana wangeigiza merikebu za Wareno zikifika Mombasa, kisha wageni wangekaa mikekani wale kwa masinia. Akina mama walipika wali wa nazi, nyama ya kondoo, samaki wa kupaka, na mbaazi za nazi kwa ajili ya wale wasiokula nyama. Kwa kweli tulijisifu: tumefikiria kila mtu!

Akaja mama mmoja mzee, Mhindi, jirani wa siku nyingi. Alikaa, akasikiliza hadithi, akapewa sahani. Akamwuliza msichana aliyekuwa akipakua:

"Mwanangu, mbaazi hizi zina nyama?"

"La, mama, hazina. Kula tu."

Msichana hakusema uongo kwa kukusudia, kwa maana hakuona kipande cha nyama mle. Mama akala, tena akazisifu. Punde si punde akapita mpishi mmoja, naye kwa furaha ya kusifiwa akasema, "Utamu wake, mama, ni ile supu ya kondoo. Nimetia kata mbili tu."

Yule mama aliweka sahani chini taratibu. Hakupiga kelele wala hakumgombeza mtu. Alinawa mikono, akaaga, akaenda zake. Tangu kuzaliwa kwake hakuwahi kuonja nyama, na siku hiyo ameilishwa na jirani zake, tena baada ya kuuliza.

Jamani, tulikosa pa kuficha uso. Kesho yake mwenyekiti na wenzake wawili walikwenda kwake kumwomba radhi. Akawapokea, akawapa chai, akawaambia neno moja ambalo kikundi hakijalisahau: "Mngeniambia kweli, ningekula ndizi na maji, nikafurahi pamoja nanyi."

Hilo ndilo somo letu zima. Mgeni hakutuomba karamu ya peke yake. Alituomba kweli ya kile kilichomo chunguni.

KONDOO NA MACHUNGWA

Sasa tuitazame ile hadithi yenyewe ambayo vijana waliigiza, maana nayo ina chakula ndani yake.

Vasco da Gama alitia nanga nje ya Mombasa Jumamosi, tarehe 7 Aprili 1498. Mmoja wa wasafiri wake aliandika kitabu cha safari, na kitabu hicho kipo hadi leo. Anasema walitumaini kwamba kesho yake watashuka pwani wasikilize Misa, maana waliambiwa kuna Wakristo mjini, na kesho yake ilikuwa Jumapili ya Matawi. Jumapili hiyo mfalme wa Mombasa akawapelekea zawadi: kondoo, machungwa mengi, malimau, miwa, na pete iwe alama ya amani.

Fikirini hapo. Jumapili ya Matawi imo ndani ya Kwaresima. Kwa kanuni ya Kanisa ya wakati ule, Mkatoliki hakuruhusiwa nyama Kwaresima nzima, isipokuwa mgonjwa au mwenye dharura. Kumbe mwenyeji ametoa kilicho bora, yaani kondoo, lakini kimemfikia mgeni katika wiki ambayo dini yake inamkataza nyama. Na mwenyeji naye alikuwa na kalenda yake: ulikuwa mwezi wa Shaabani, mwaka 903 wa Hijria, na Ramadhani ilikuwa mlangoni. Watu wawili wanakutana, kila mmoja ana mfungo wake, na hakuna anayeujua wa mwenzake.

Lakini yale machungwa na malimau hayakuwa na mwiko kwa yeyote. Mabaharia wale walikuwa wameugua sana njiani kwa kukaa miezi baharini bila matunda wala mboga mbichi. Mwandishi anasema wagonjwa wote walipata afya walipofika Mombasa, naye akasema ni kwa sababu ya hewa nzuri ya mji. Leo tunajua kwamba ugonjwa ule wa fizi kuvimba na kutoka damu unatibiwa na matunda ya namna hiyo. Zawadi ndogo ndiyo iliyomfaa kila mtu.

Tusidanganyane, urafiki ule haukudumu. Pande zote mbili ziliingiwa na shaka, Wareno wakawatesa watu kwa mafuta ya moto ili waseme siri, na tarehe 13 Aprili wakang'oa nanga wakaelekea Malindi. Mwaka 1505 Wareno walirudi wakauteketeza mji wa Mombasa. Kwa hiyo kikundi kikiombwa kupika karamu ya namna hii, kikumbuke kwamba hadithi yenyewe ina majeraha. Sinia likiwa safi kwa kila mmoja, angalau chakula hakitaongeza jeraha jingine.

WAZEE WALIKULA NINI?

Wapishi wengine wakiombwa waangalie hali za wageni hujibu, "Karamu ni ya kale, hivyo ndivyo wazee walivyokula, asiyetaka aache." Jibu hili si la kweli, na tutaonyesha kwa nini.

Ibn Battuta, msafiri wa kutoka Moroko, alifika Mombasa mwaka 1331. Aliandika kwamba chakula kikubwa cha watu wa hapa kilikuwa ndizi na samaki, kwamba kulikuwa na malimau, na kwamba nafaka ililetwa kutoka ng'ambo ya bara. Huko Mogadishu, alikopita kwanza, alipewa wali uliopikwa kwa samli, umepakuliwa katika sinia kubwa la mti, juu yake kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga. Pembeni kulikuwa na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, maziwa ya mgando, malimau na pilipili za achari, tangawizi mbichi na maembe.

Tazameni vizuri sinia hilo. Wali ni kitu kimoja, kitoweo kiko mbalimbali, achari iko kando. Mtu anachukua kinachomfaa. Kumbe mpango wa kale wenyewe unatoa nafasi ya kuchagua. Si lazima kila kitu kichanganywe chungu kimoja.

Tena, mkitaka kuwa wa kale kweli, viko vyakula vya kuacha. Vitu vifuatavyo asili yake ni bara la Amerika, na havikufika kwetu ila baada ya safari za Columbus za kuanzia mwaka 1492: mahindi, muhogo, viazi vitamu na viazi ulaya, nyanya, pilipili kali, maharagwe, karanga, korosho, mananasi na mapapai. Mpishi anayetia nyanya na pilipili mbuzi katika mchuzi wa mwaka 1331 amekwisha toka nje ya hadithi.

Vilivyokuwapo pwani ni vingi: mtama, wimbi, mchele, ndizi, nazi, kunde, njugu mawe, ufuta, samaki, kuku, mbuzi, kondoo, maziwa, samli, asali, miwa, malimau, machungwa, ukwaju, tangawizi na pilipili manga. Kwa vitu hivi mtu anaweza kumlisha asiyekula nyama, asiyekula ngano, na hata aliyeacha maziwa, bila kutoka nje ya mambo ya kale.

Ulaya nao walikuwa na akili hiyo hiyo. Katika Kwaresima, wakati maziwa na siagi vilikatazwa, wapishi wa wakubwa walisaga lozi wakakamua maziwa yake, wakapikia. Sisi tuna tui. Anayefahamu kukuna nazi na kukamua kwa kifumbu ana jibu la nusu ya matatizo ya karamu hii.

Na leo wako watu wanaofanya mambo haya kila mwaka. Mwaka 1966, mjini Berkeley, California, Marekani, kilianzishwa chama kiitwacho Society for Creative Anachronism. Wanachama wake huvaa mavazi ya Ulaya ya kale, hupigana kwa panga za henzerani na hufanya karamu kubwa. Wapishi wao wamezoea kuwatangazia wageni mapema vitu vilivyomo katika kila chakula. Nasi tunaweza kufanya hivyo hivyo kwa kipande cha karatasi.

WAGENI WETU NI NANI?

Mombasa ni mji wa watu wengi. Ukisimama Mji wa Kale ukapiga hatua chache tu, unapita msikiti, nyumba ya Mgoa, duka la Bohora, na hekalu la Wajaini lililo barabara ya Langoni. Ngome yetu, Fort Jesus, ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, Waarabu wa Omani wakaitwaa mwaka 1698, na mwaka 2011 ikaingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Watalii wamewahi kuletwa humo usiku kutazama maonyesho ya sauti na mwanga, kisha kula chakula cha jioni uani. Wanaokuja kusikiliza hadithi za mji huu hawana dini moja wala mezani hawali namna moja.

Haya ndiyo tuliyojifunza kwa kuuliza. Msiyachukue kama sheria, maana watu wa dini moja nao hutofautiana.

Waislamu: nyama iwe ya halali, yaani imechinjwa kwa sheria yao. Nguruwe na pombe havipo, hata tone katika mchuzi. Wanauliza pia juu ya sufuria: je, juzi ilipikiwa nini? Kikundi kinachoazima vyombo vya ukumbi kijue jibu, au kilete vyombo vyake.

Wahindu: wengi hawali ng'ombe, na wengi hawali nyama, samaki wala mayai kabisa. Maziwa na samli kwa kawaida wanakula. Wako pia wasiokula vitunguu wala kitunguu saumu.

Wajaini: pamoja na kuacha nyama, samaki na mayai, wanaacha vinavyochimbwa ardhini, kama viazi, vitunguu, kitunguu saumu na karoti. Wengi wao hawali baada ya jua kuzama.

Wasabato: hawali nguruwe, wala kamba, kaa na samaki wasio na magamba. Wengine hawali nyama kabisa.

Wakatoliki: tuna siku zetu za kuacha nyama, yaani Jumatano ya Majivu, Ijumaa Kuu na Ijumaa za Kwaresima. Kwa Sheria ya Kanisa ya 1983, kuacha nyama kunamhusu aliyetimiza miaka 14, na kufunga kunamhusu mwenye miaka 18 mpaka aanze mwaka wake wa 60.

Waorthodoksi wa Ethiopia: siku za mfungo, zikiwamo Jumatano na Ijumaa nyingi za mwaka, huacha nyama, mayai, maziwa na samli. Kwao tui la nazi ni mkombozi.

Oneni jambo moja la ajabu. Katika Ramadhani jua likizama Mwislamu anafuturu, na jua hilo hilo likizama Mjaini anafunga kinywa. Kwa hiyo saa ya kupakua ni jambo la kuuliza, sawasawa na aina ya chakula.

MZIO WA IMANI NA MZIO WA MWILI

Kiswahili chetu kina neno zuri: mzio. Tangu zamani mzio ni chakula alichokatazwa mtu, ama na mganga wake, ama na ukoo wake, ama kwa sababu mwili wake unakikataa. Siku hizi waganga wa hospitali wanalitumia neno hilo hilo kwa kile ambacho wengine huita aleji.

Wazee hawakuutania mzio wa mtu. Ukimwambia mwenyeji, "Mimi mzio wangu pweza," hakukuuliza ushahidi. Aliondoa pweza. Adabu hiyo ndiyo tunayotaka irudi. Si kazi ya mpishi kupima kama sharti la mgeni lina maana. Mwenye mwili na mwenye imani ni yeye.

Lakini tujue kwamba mzio wa mwili unaweza kuua, tena upesi. Vinavyodhuru watu mara nyingi ni karanga, korosho na lozi, ufuta, mayai, maziwa, ngano, samaki, kamba na kaa. Mtu mwenye mzio mkali hadhuriwi na sahani iliyojaa tu. Hata mwiko uliotoka katika mchuzi wa karanga ukaingia katika mchicha unatosha. Mkiona mgeni amevimba midomo au uso, ametoka vipele, anatapika au anapumua kwa shida, msimpe maziwa wala msingoje aone nafuu. Kama ana sindano yake ya mzio, asaidiwe kuitumia mara moja, kisha akimbizwe hospitali.

Wako pia wenye kisukari na presha. Hawa hawahitaji chungu chao. Wanahitaji kujua chakula kipi kina sukari na chumvi nyingi, wapate tunda badala ya haluwa, na wasicheleweshwe kula mpaka saa tatu usiku kwa sababu mchezo umerefuka.

HATUA SABA ZA KUFUATA

1. Angalieni kalenda kwanza. Kabla ya kukubali tarehe, tazameni Ramadhani, Kwaresima, na sikukuu za Wahindu. Karamu ya mchana katika Ramadhani inawafungia mlango jirani zenu.

2. Ulizeni mapema, tena wote. Mwenye shughuli apeleke swali moja pamoja na mwaliko: "Kuna chakula usichokula, kwa dini, kwa afya au kwa mzio wako?" Akiulizwa kila mtu, hakuna anayeona amenyooshewa kidole. Majibu yafike angalau wiki moja kabla, maana siku ya siku hakuna wa kukuna nazi nyingine.

3. Chungu cha msingi kifae wengi. Wali, mboga na kunde zipikwe bila nyama, bila supu na bila samli. Nyama, samaki na samli vikae mbali, viongezwe sahanini. Nyama unaweza kuiongeza wakati wowote, ila kuitoa mchuzini haiwezekani.

4. Pikeni chungu cha mboga cha kutosha watu wote. Hapa vikundi vingi hukosea. Tuseme wageni ni 100, na 15 hawali nyama. Mkipika mbaazi za watu 15, wala nyama watazionja kwa kuwa ni tamu, na wenyewe watakuta chungu kitupu. Ama pikeni za watu 100, ama wapakulieni kwanza wale 15. Sisi hupima kilo 1 ya mchele kwa watu 7 au 8, na kilo 1 ya mbaazi kavu kwa watu 12 hivi. Mbaazi ni rahisi kuliko nyama, kwa hiyo mfuko hauumii.

5. Kila chungu na upawa wake. Mkikaanga samaki, mafuta yale yasikaangie bilingani. Mbao ya kukatia nyama isikatie mboga. Fungeni uzi mwekundu kwenye kata na miko ya nyama na samaki, uzi wa kijani kwenye ya mboga, hata mtoto ataelewa.

6. Andikeni kilichomo. Kipande cha boksi mbele ya kila chungu kinatosha: MBAAZI: mbaazi, tui, vitunguu, tangawizi, chumvi. Andikeni kila kitu, pamoja na vile vidonge vya mchuzi vya dukani, maana vingine vina kuku au ng'ombe ndani yake. Na kwa wasiosoma, mpakuaji aseme kwa mdomo.

7. Asiyejua asijibu. Hii ndiyo iliyotuumiza sisi. Mpakuaji akiulizwa na hana hakika, neno lake ni moja tu: "Ngoja, nimwite mpishi." Na mpishi aliyekosea aseme amekosea kabla mgeni hajala. Kumwambia mgeni "hiki usile, samahani" ni aibu ya dakika moja. Kumficha ni kuvunja ujirani wa miaka.

MFANO WA SINIA LA KALE

Hili ni sinia ambalo kikundi chetu hutumia sasa. Kila kilichomo kinatoka katika vyakula vya pwani vya kabla ya mwaka 1498, kwa hiyo hata mwalimu wa historia hana la kulalamika.

Katikati: wali wa nazi. Kwa asiyetaka nazi, ndizi za kuchemsha.
Upande wa mboga: kunde au choroko za nazi zilizotiwa tangawizi na pilipili manga. Chungu kidogo kinapikwa bila kitunguu, bila saumu wala tangawizi mbichi, kwa ajili ya Wajaini na wengine.
Upande wa bahari: samaki mwenye magamba, amechomwa kwa ukwaju na chumvi. Kamba na kaa tumewaacha.
Upande wa nyama: kondoo au mbuzi wa halali, amenunuliwa kwa mchinjaji Mwislamu. Akila Mwislamu, Mkristo naye anakula bila neno.
Mkate: wa mofa, wa mtama mtupu bila kuchanganya ngano. Unamfaa asiyeweza ngano.
Pembeni: achari ya limau, maziwa ya mgando katika bakuli lake, samli katika bakuli lake.
Mwisho: machungwa, maembe kwa msimu wake, na vipande vya miwa. Asali kando.

Karanga na korosho hazimo kabisa. Ufuta tumeuacha, kwa kuwa si lazima na unaweza kudhuru. Nguruwe na pombe hazimo. Wengine walituuliza, "Na mnazi je? Si wa kale?" Ni wa kale, lakini ukiwekwa mezani wengine hawatakaa. Anayeutaka anajua unakopatikana!

Msifikiri kwamba sinia moja linamaliza kila sharti. Bado atakuja mgeni ambaye hali chochote kilichopikwa nje ya jiko la kwake. Huyo mpeni ndizi ambayo haijamenywa, chungwa zima, na mahali pazuri pa kukaa. Amekuja kwa ajili ya watu zaidi ya chakula.

LAKINI SI KAZI NYINGI MNO?

Wanachama wengine wamelalamika, na wana haki ya kusikilizwa. Wanasema, "Malipo ni madogo, tumechoka, na sasa tuandike maboksi na kufunga nyuzi!" Tulikaa nao tukahesabu. Nyuzi ni za bure. Maboksi ni ya bure. Mbaazi na kunde zimepunguza gharama ya nyama. Kilichoongezeka ni saa moja ya kuuliza na kuandika. Na kilichopungua ni chakula cha kutupwa, kwa kuwa sasa tunajua nani anakula nini kabla ya kwenda Marikiti.

Iko faida nyingine isiyohesabika. Kikundi chenye Wakristo na Waislamu kikijifunza kulinda mwiko wa mgeni, kimejifunza pia kulinda miko ya wanachama wake. Mtakatifu Paulo, katika Waraka kwa Warumi sura ya 14, anawaonya waamini wasibishane juu ya vyakula wala kumdharau anayekula tofauti, na wasimwangushe ndugu kwa sababu ya chakula. Jambo hili lilikuwa gumu siku zile, na leo bado ni gumu.

MWISHO WA HADITHI YETU

Yule mama mzee alirudi. Si mara moja, ilipita miezi mingi. Siku ya karamu nyingine alikuja na mjukuu wake, akakaa mkeka ule ule, na msichana yule yule akawa anapakua. Mama akauliza kama siku ile:

"Mwanangu, mbaazi hizi zina nyama?"

Msichana alikuwa anajua jibu, lilikuwa limeandikwa mbele yake. Hata hivyo alisema, "Ngoja, mama, nimwite mpishi." Mpishi akaja na upawa wake wenye uzi wa kijani, akataja kila kitu kimoja kimoja, mpaka chumvi.

Mama akanyoosha sahani.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kikundi chetu, kuna mwanachama ambaye hujinyima chakula kimya kimya kwenye shughuli zetu? Tumewahi kumwuliza sababu?
2. Kati ya mpakuaji, mpishi na mwenye shughuli, nani alikosa katika hadithi hii? Kila mmoja angefanya nini?
3. Tukipata kazi ya kupika mwezi ujao, ni hatua zipi katika zile saba tunazoweza kuanza nazo mara moja? Nani atashika daftari la majibu ya wageni?
4. Wazee wa kwetu walikuwa na mizio gani, na walimpokeaje mgeni mwenye mzio? Mwalikeni mzee mmoja aje awasimulie.

Zoezi: kabla ya mkutano ujao, kila mwanachama aandike vitu vyote vinavyoingia katika mchuzi wake wa kila siku, bila kuacha hata kimoja. Kisha msomeane. Mtashangaa ni vingapi tunavitia bila kuvikumbuka.